Pumzi Ndefu ya Reli ya Kale

Kila asubuhi Kalunde alianza kazi kwa utaratibu uleule. Alifuta hedifoni kwa ncha ya mtandio, akamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, akaweka kipande cha muhogo wa kuchemsha juu ya kifuniko, kisha akafumba macho na kuanza kusikiliza watu wakipumua.

Alikuwa mhakiki katika Kituo cha Simu cha jiji la Chikole. Watu walipiga namba ya jiji kwa mambo yasiyo ya dharura: taka hazijazolewa, taa ya barabarani imeungua, cheti cha kuzaliwa kinachukuliwa wapi. Aliyewajibu alikuwa Mpokezi, ambaye hakuwa mtu ila alikuwa na sauti ya mtu, tena mtu aliyelelewa vizuri. Zamani, Kalunde akiwa bado chuoni, mkazi aliulizwa mwishoni kama ameridhika: bonyeza moja, bonyeza mbili. Watu walibonyeza chochote ili mradi waachwe. Siku hizi Mpokezi hakuuliza. Alipomaliza kujibu alinyamaza kidogo tu, akaisikiliza pumzi ya mwisho kabla simu haijakatwa. Pumzi ndefu inayoshuka taratibu ilihesabiwa ridhaa. Pumzi fupi, ya kukatikakatika, ilihesabiwa hasira. Kazi ya Kalunde ilikuwa kuonja chache kati ya maelfu, kama mpishi anavyoonja mchuzi, na kusema kama Mpokezi amesikia sawasawa.

Ilikuwa kazi ya kuchosha kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu. Alirudi chumbani jioni akiwa hajanyanyua kitu, na bado mabega yalimuuma.

Siku hiyo, kikombe kikiwa hakijafika mdomoni, taa ndogo ya mezani ikawaka nyekundu.

Taa hiyo haikuwa imewaka tangu aajiriwe. Alikiweka kikombe chini akakitazama kioo cha kompyuta. Simu moja ya jana jioni kutoka Mtaa wa Viwandani ilikuwa imepewa alama ya chini kuliko zote zilizowahi kupimwa jijini, na simu ya namna hiyo haikuachwa mikononi mwa Mpokezi. Ilimpasa mhakiki ampigie mkazi mwenyewe, mtu kwa mtu, kabla ya kengele ya jioni.

Aliifungua akaisikiliza kwanza. Mwanamke mwenye sauti pana alikuwa akimwambia Mpokezi kwamba yeye ni Mnyamwezi wa bati, kichwa kikubwa cha kubebea mizigo na ndani hamna kitu. Alitumwa maji tangu mwezi uliopita, ameyatua njiani akalala, au ameyanywa? Mpokezi akajibu kwa upole wake wote.

"Pole sana, mama. Naelewa umekasirika."

"Nimekasirika na nani? Hebu nitukane na wewe, usiniachie kazi peke yangu."

Kisha simu ikakatika katikati ya pumzi fupi nyingi, kama maharage yanayomwagika sakafuni. Mpokezi alikuwa ameandika: ghadhabu kali.

Kalunde aliirudia ile pumzi mara kadhaa. Halafu, bila kutaka, akatabasamu. Baba yake mdogo, aliyeoa pwani, alikuwa akipumua hivyohivyo kila msiba uliowakutanisha na shemeji zake. Mama yule alikuwa anacheka.

*

Bwana Mbwambo, msimamizi, alikuja na makubazi yake miguuni kuiangalia ile taa. Alikuwa mtu mzima mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alizoea kuongea kama anayepunguza maneno ili yasimwishie. Alimweleza Kalunde kwamba wakazi wengine wa Viwandani walishaacha kupiga, kwa hiyo huyu mama mmoja, anayepiga asubuhi na jioni, pumzi yake ndiyo iliyokuwa pumzi ya mtaa mzima. Ameushusha mtaa mpaka mkiani. Na kwa kuwa sheria ya Chikole ilisema mafundi waende kwanza kule ridhaa iliko chini, magari yalikwishafika tangu alfajiri, na barabara ya Viwandani ilikuwa imechimbwa.

"Mpigie," alisema. "Andika ulichokisikia."

Kalunde hakupenda kupiga simu. Aliona haya hata kumwagiza mhudumu wa kantini chumvi. Alipiga hata hivyo, na yule mama alipopokea akampa shikamoo, akajitambulisha kwa jina na kazi.

"Kalunde wa Unyamwezini?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hiyo shikamoo yako ichukue. Mimi Siwema binti Kondo, Mzaramo wa Kisarawe. Mtani hanipi shikamoo, ananipa kuku."

Kalunde alihisi uso ukipata joto. Lakini alilelewa katika nyumba iliyojua kwamba mtani akirusha neno, kulinyamazia ndiyo matusi yenyewe.

"Kuku nilimleta," alisema kwa sauti ndogo. "Nikakuta mmekwenda ngomani nyote na moto mmeuacha umezimika. Nikarudi naye."

Maharage yakamwagika tena sikioni mwake. Kwenye kioo, mshale wa ridhaa ukaanguka mpaka chini kabisa.

Waliongea kwa muda mrefu kuliko Kalunde alivyozoea kuongea na mtu. Bi Siwema alikuwa akifua nguo za watu kwa riziki yake. Alimweleza kwamba siku ya kwanza alimuuliza Mpokezi kabila lake, akajibiwa kwamba hana. Akaona huruma, maana asiye na kabila atataniwa na nani, basi akamfanya Mnyamwezi wa muda mpaka apatikane wa kweli. Kumbe amepatikana. Kuhusu simu yenyewe hakuwa na neno. Ilimchangamsha. Alipoulizwa kama alivyotakiwa kuulizwa, alisema ndiyo, na huduma ya simu ameridhika nayo, tena sana.

"Na maji, mama?"

"Maji yapi, mtani? Bomba limekauka. Nguo za watu nazifulia maji ya kisima cha chumvi, zinatoka zimesimama kama watu. Lakini leo namshukuru Mungu, mafundi wamekuja. Wananiambia bomba kubwa limepasuka hapa kwetu, na ndilo linaloendelea mpaka Reli ya Kale."

Kalunde aliishika kalamu asiandike. Reli ya Kale ndiko alikozaliwa, na mama yake bado alikuwa akiishi kule.

*

Aliitafuta Reli ya Kale kwenye kioo. Hakuwa na haja ya kushuka. Ilikuwa juu kabisa, mtaa ulioridhika kuliko mitaa yote ya Chikole.

Alijua kwamba mhakiki haruhusiwi kugusa simu za ndugu zake. Alizigusa. Mama yake, Nyanzala, mkunga mstaafu, alikuwa akiipiga namba ya jiji kila asubuhi. Alianza kwa kumuuliza Mpokezi kaamkaje. Akasema bomba halijatoa, kwamba anakwenda na toroli mpaka kwenye tangi la stesheni na madumu mawili, ila si neno, wapo wenye shida kumzidi, tunashukuru. Mpokezi akampa pole. Aliitoa vizuri hata Kalunde mwenyewe akahisi kifua kikilegea. Akamuuliza mama kama amelala.

"Nimelala kidogo," mama alisema. "Asante kwa kuniuliza, mwanangu. Siku hizi ni wewe tu unayeniuliza."

Kisha ikaja pumzi yake, ndefu, ikishuka kama mtu anayeteremsha mtoto aliyesinzia. Kalunde aliifahamu. Ndiyo pumzi ambayo mama yake aliwafundisha wanawake kwa miaka yote ya kazi yake, uchungu ukiwakaza: toa hewa polepole, usipigane nao, uache upite. Mpokezi alikuwa ameandika: ridhaa kamili.

Alifungua simu nyingine za Reli ya Kale, za watu asiowajua. Wazee wa treni, wajane wao, walimu wa zamani. Wote waliamkia, wote walishukuru, na wote mwishoni walipumua vile. Ndipo Kalunde, aliyesomea sauti za watu chuoni na kufaulu vizuri, alipoelewa jambo ambalo hakuna mwalimu aliyemwambia. Pumzi ya aliyeridhika na pumzi ya aliyechoka zina urefu mmoja. Mpokezi hakuwa na njia ya kuzitenganisha. Alikuwa amejifunza kubembeleza watu mpaka wachoke vizuri.

Saa ya chakula alitoka nje, akasimama kando ya ukuta wenye kivuli, akampigia mama kwa simu yake. Alimuuliza kama maji yapo.

"Yapo ya kutosha," mama alisema. "Wewe kula. Umekonda, nasikia hata kwenye sauti. Sisi hatujambo, tunashukuru."

Kalunde alitaka kusema kwamba anajua. Akaishia kusema sawa, mama, akamsikia mama akipumua, na simu ikakatika.

*

Bwana Mbwambo alimsikiliza mpaka mwisho, amefumba macho, vidole vimeshikana tumboni. Kalunde alisema mambo vipande vipande. Akimwandika Bi Siwema ukweli, kwamba alikuwa anatania na ameridhika na simu, Viwandani itapanda, mafundi wataondoka jioni waende mtaa mwingine, na mtaro utabaki wazi. Reli ya Kale nayo itabaki kavu huku ikisifiwa. Akiacha ile hasira ya uongo isimame, maji yatatoka.

"Sisi hatupimi maji, binti," Bwana Mbwambo alisema. "Tunapima simu. Maji yana ofisi yake."

"Lakini ofisi ya maji inatusikiliza sisi."

Alifumbua macho. Ndiyo mara ya kwanza Kalunde kumkatiza mtu mzima, na wote wawili walilitambua hilo.

Bwana Mbwambo akamwambia habari ambazo vijana wa kituo hawakuzikuta. Kabla ya kipimo cha pumzi, mafundi wa Chikole walikwenda kule waliko wakubwa. Mtu alipiga simu moja kwa jamaa yake, na bomba la mtaa mzima likageuzwa kunywesha bustani. Yeye mwenyewe alizika mtoto wa dada yake mwaka wa kipindupindu, mtaa wao ulipokuwa ukingoja zamu isiyofika. Ndiyo sababu walikaa wakabuni kipimo kisichohongeka. Mtu anaweza kununua neno. Pumzi hainunuliki.

"Wewe leo ukiandika hasira ambayo hukuisikia, kwa sababu nzuri, kesho mtu ataniletea hasira yake hapa mezani niiandike, kwa sababu mbaya. Nitamwambia nini?"

Kalunde alitazama mikono yake. Alisema tu kwamba hataki kuandika uongo, na ukweli nao unamkataa.

Nje kwenye ukumbi wahakiki wenzake walikuwa wamefumba macho mistari mizima, kama watu wanaosali.

"Ipo kanuni moja," Bwana Mbwambo alisema hatimaye, kama mtu anayetoa kitu kizito chini ya kitanda. "Tuliiweka mwanzoni, watu walipokuwa hawatuamini. Mkazi aliyepimwa ameridhika, akisema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hajaridhika, mizani ya jiji lote inasimama mpaka ikaguliwe. Na mizani ikisimama, kila fundi anabaki alipo mpaka amalize alichokianza."

Kalunde alianza kuinuka. Bwana Mbwambo akainua kidole kumzuia. Hakuna aliyewahi kusema hivyo, tangu mwanzo. Watu wa Chikole hawalalamiki wakiulizwa uso kwa uso. Zaidi ya hayo, mizani ikisimama, Mpokezi naye atanyamazishwa, na wote wanaompigia asubuhi kwa kukosa wa kuongea naye watakuta kimya. Na wakubwa wataanza kupiga simu zao siku hiyohiyo. Je, anayataka yote hayo?

Kalunde alimfikiria mama yake akiipiga namba ile asubuhi, na hakuna anayemuuliza kama amelala. Ilimuuma kweli. Kisha akafikiri kwamba la kumuuliza vile lilikuwa lake yeye, na alimwachia mashine.

"Naomba nimpigie mmoja," alisema. "Ila ni mama yangu."

"Wewe huruhusiwi kumuuliza." Bwana Mbwambo alivuta hedifoni yake mwenyewe kutoka kwenye mtoto wa meza, akaipuliza vumbi. "Kanuni inasema anaweza kuuliza mkazi yeyote wa mtaa mwingine, awe kama shahidi. Wewe utanyamaza. Na yeye haruhusiwi kumlisha maneno. Akimlisha, nakata."

*

Bi Siwema alielezwa yote, pamoja na kwamba magari yanayonguruma mlangoni kwake yanaweza kuondoka kabla hajaanua nguo. Kwa mara ya kwanza hakutania.

"Kwa hiyo nikicheka, nanyang'anywa maji," alisema. "Na mama yako akishukuru, haletewi. Nani aliyewafundisha ninyi kusikiliza?"

Kalunde alisema hajui. Bi Siwema akauliza jina la huyo mama, na akasema haya, mwunganishe.

Mama alipokea kwa adabu zake zote. Bi Siwema akajitambulisha, mfua nguo wa Viwandani, ameombwa na jiji amuulize swali moja tu: je, ameridhika?

"Tunashukuru," mama alisema. "Kijana anayepokea simu ana heshima sana. Tunashukuru."

Mshale ukapanda. Kalunde aliuma ncha ya mtandio. Bwana Mbwambo alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe cha kukatia.

"Dada, wewe ni Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Mimi Mzaramo."

Sauti ya mama ikabadilika kidogo, kama dirisha lililofunguliwa nusu.

"Mzaramo anafua nguo? Ngoma zimekwisha huko kwenu?"

"Zipo, tunawangoja ninyi mtubebee." Bi Siwema alicheka, halafu akatuliza sauti. "Sikia, mtani. Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka kwetu pwani, miezi, kwa miguu. Walipofika, babu zangu wakawauliza: vipi mzigo? Wakajibu: mwepesi, tunashukuru. Ngozi ya bega imechubuka, wanasema mwepesi. Tukawacheka mpaka leo. Sasa mimi ni mjukuu wa wale waliouliza. Nauliza tena. Sikuambii useme nini."

Kalunde alimtazama Bwana Mbwambo. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe. Akakiondoa, akaiweka mikono yote miwili mapajani.

Mama alicheka, kicheko kifupi chenye kutu ambacho binti yake hakuwa amekisikia tangu walipomzika baba. Kisha akaanza kupumua, ile pumzi yake ndefu, na mshale ukaanza kupanda nayo, polepole, ukielekea kule juu unakokaa siku zote. Kalunde aliinamisha kichwa.

Nusu ya njia, pumzi ikakatika.

"Ni mzito," mama alisema.

Mashine za mafundi zilisikika kwa mbali upande wa Bi Siwema.

"Mzigo ni mzito, mtani. Nasukuma lile toroli mpaka nakaa chini barabarani, na watu wakipita naamka najifanya nafunga kiatu. Nimechoka kubeba. Nimechoka na kushukuru." Sauti ilikuwa ileile ya upole, ila sasa haikujificha nyuma ya kitu chochote. "Na kama Kalunde wangu yuko hapo anasikiliza, maana najua ndiko anakofanya kazi, mwambieni mama yake hajaridhika."